Ndoo ya mchanga kwanza, dawa baadaye

Ndugu zangu mnaouza samaki wa mapambo Kariakoo na Mnazi Mmoja, samaki wakidhoofika mnakimbilia dawa. Dawa ya nini, wakati ugonjwa ni maji? Maji yakikatika mnanunua kwa madumu, kwa hiyo hambadilishi ya tangi. Kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka amonia, kisha nitriti, mwisho nitrati, nayo hurundikana.

Mimi nasema tafuta ndoo ya lita 20. Tia mchanga laini uliooshwa vizuri, kina sentimita 15 au zaidi. Iweke juu ya tangi, toboa tundu karibu na ukingo. Pampu ndogo ipandishe maji, yapite juu ya mchanga na kurudi tangini. Chini kusikofika oksijeni, bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Usiukoroge, na subiri wiki kadhaa.

Umeme ukikatika muda mrefu, inuse ndoo kabla ya kuwasha pampu. Ikinuka yai viza, mwaga mchanga wote. Ungekuwa ndani ya tangi, ungemwaga na samaki.

Maji yakirudi bombani, badilisha ya tangi vilevile. Ndoo hupunguza nitrati tu.