Hofu ya Lethal Company imo katika sauti ya mwenzio

Oktoba 2023, mtengenezaji mmoja anayejulikana kwa jina la Zeekerss alianza kuuza katika duka la Steam mchezo wa kompyuta uitwao Lethal Company, kwa bei isiyofika dola 10. Haukuwa na kampuni kubwa nyuma yake, na picha zake ni za chengachenga, kama za mkanda wa video uliochakaa. Ndani ya miezi michache ulichezwa na watu zaidi ya 200,000 kwa wakati mmoja, na katika tuzo za Steam za mwaka huo ukashinda kundi la michezo inayonoga ikichezwa na marafiki. Ulistahili. Hata hivyo, jina la tuzo hiyo linagusa pia udhaifu wake mkubwa: kinachoupa utamu ndicho kinachoufanya uwatupe wasio na wenzao wa kucheza nao, na waliotangulia kufa.

Kazi yenyewe ni ya kuokota chuma chakavu. Wachezaji wasiozidi wanne wanashuka kutoka kwenye chombo chao, wanaingia katika majengo yenye giza kwenye miezi ya angani iliyohamwa, na kubeba birika, mabati na injini kuukuu za kuiuzia Kampuni, mwajiri wao. Kwa mara ya kwanza wanapewa siku tatu kufikisha thamani ya 130. Msomaji anayejua jinsi dereva wa daladala anavyohangaikia hesabu ya tajiri jioni ataielewa presha hiyo bila maelezo. Hesabu ikipelea, wote wanatupwa nje ya chombo angani. Ikitimia, inapandishwa, wala haikomi kupanda.

Ndani ya majengo hayo kuna mazimwi, na yametungwa kwa akili. Lipo linalosogea pale tu usipolitazama, na lipo jingine linalokunyatia kwa nyuma na kukasirika ukilikodolea macho kwa muda mrefu, hivyo anayekutana nayo yote mawili katika ukumbi mmoja hajui macho ayapeleke wapi. Lakini mazimwi mazuri yako katika michezo mingi. Sifa ya pekee ya Lethal Company ni jinsi inavyoitumia sauti halisi ya mchezaji. Unachosema kwenye kipaza sauti chako mwenzako anakisikia kwa kadiri ya umbali: akiwa karibu anakusikia wazi, akiwa ng'ambo ya korido anasikia mnong'ono, akizidi kwenda mbali hasikii kitu, isipokuwa kama mmenunua redio za mkononi. Nje wanazurura mbwa wasio na macho wanaowinda kwa kusikia, na wanazisikia hata sauti hizo. Kwa hiyo kumwita rafiki ni kumwokoa na kumhatarisha kwa pumzi moja. Na mtu anapouawa katikati ya sentensi, mchezo hauwatangazii walio hai kifo chake. Sentensi inakatika tu. Walio hai wanabaki kujiuliza kama amenyamaza kwa hadhari au ameshakufa, na ukimya huo unatisha kuliko damu yoyote. Wazo la sauti lilikuwapo kabla, maana Phasmophobia ya 2020 ilikuwa na mizimu inayoitikia maneno ya mchezaji. Hapa limefanywa uti wa mgongo. Tena halina ubaguzi wa lugha: wanaocheza kwa Kiswahili wanapata hofu ile ile, kwa maneno yao wenyewe, bila kusubiri tafsiri.

Wapo wanaosema hii si hofu, ni vichekesho, kwa kuwa watu hucheka muda wote. Siafikiani nao. Kicheko hicho huzaliwa na hofu, kama cha watoto wanaosimuliana hadithi za majini usiku, na bila hofu kisingekuwapo.

Sasa mwondoe mwenzako. Mchezo unaruhusu kucheza peke yako, lakini hesabu ya kwanza inabaki ile ile ya 130, na mazimwi hayapunguzwi. Hakuna wa kukulindia mgongo, hakuna sauti ya kukatika. Kilichokuwa mashaka kinageuka kuwa kibarua cha kwenda na kurudi na mzigo. Mwenye kundi naye ana kero yake: akifa mapema, anabaki kuwatazama walio hai na kuzungumza na wafu wenzake, akiwa na uwezo wa kupiga kura chombo kiondoke mapema na si zaidi ya hapo, mpaka siku hiyo ya mchezo iishe. Wakifa wote, chuma chote kilichohifadhiwa kwenye chombo kinapotea.

Watetezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mchezo umetengenezwa na mtu mmoja, kwa bei ndogo, na uliuzwa kwa kukiri kwamba haujakamilika. Naikubali kwa picha hafifu na kasoro ndogondogo, maana hizo zinahitaji watu na fedha. Hesabu isiyojali idadi ya wachezaji ni uamuzi wa mtunzi, na kuibadili hakuhitaji jeshi. Mashabiki wenyewe wametunga viraka vya kuongeza idadi ya wachezaji kupita wanne, ingawa navyo vina usumbufu wake, kwa kuwa mara nyingi lazima kundi zima liwe na viraka vinavyofanana.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kifo kikirahisishwa, hofu inakufa. Ni kweli, mchezaji asiye na cha kupoteza haogopi. Lakini R.E.P.O., mchezo wa 2025 wa semiwork ya Sweden uliofuata nyayo hizi hizi, umeonyesha njia. Humo, kichwa cha aliyekufa kinaweza kubebwa na wenzake hadi mahali pa kukabidhi mizigo, naye akafufuka akiwa taabani. Kifo hakijawa chepesi. Kimewapa walio hai jambo la kuhatarisha maisha yao kwa ajili yake, na aliyekufa anasubiri akiwa na tumaini. Lethal Company tayari inapunguza faini ya kifo pale maiti inaporudishwa chomboni. Ingeweza kuipa safari hiyo ya kubeba maiti thamani kubwa zaidi kuliko punguzo la fedha.