Chongming: Nani Amekikuza Kisiwa?

Tumezoea kumfundisha mwanafunzi kwamba mto hubomoa milimani na kujenga mlangoni mwake, kisha tukaishia hapo. Kisiwa cha Chongming, katika mlango wa Mto Yangtze nchini China, chaonyesha kwamba somo hilo ni pungufu.

Katika karne ya 7, zama za nasaba ya Tang, palichomoza mlangoni humo mafungu mawili ya mchanga na tope. Kwa karne nyingi mafungu hayo yalihamahama, upande mmoja yakiliwa na mkondo, upande wa pili yakiongezeka, hata kikapatikana kisiwa kirefu kinachougawa mto katika mikono miwili, wa kaskazini na wa kusini.

Kwa nini tope lituame hapo? Mkondo hupungua nguvu ukutanapo na bahari. Tena, chembe za udongo mfinyanzi zina chaji ya umeme ya namna moja, kwa hiyo husukumana. Chumvi hudhoofisha msukumano huo, zikashikamana na kuzama. Jambo hili laweza kujaribiwa darasani: chukua bilauri mbili za maji ya udongo, tia chumvi moja, kisha tazama ipi itakayotangulia kuwa safi.

Miaka ya 1950 kisiwa kilikuwa na eneo la kilomita za mraba 600 hivi. Leo lapita 1,200. Wengi watasema kwamba mto umefanya kazi yake. Kwa maoni yangu, jibu hilo lapotosha. Watu walizungushia matuta tope changa lililoota matete, wakalikausha na kulilima. Lakini tuta halileti udongo. Hufunga tu ule uliokwisha kutuama.

Na udongo wenyewe umepungua. Hadi miaka ya 1980 mashapo yaliyopimwa Datong, sehemu za chini za mto, yalizidi tani milioni 400 kwa mwaka. Mabwawa na hifadhi ya udongo vilianza kuyapunguza. Na tangu bwawa la Three Gorges lilipoanza kujazwa mwaka 2003, miaka mingi hayafiki milioni 200. Ncha ya mashariki, Dongtan, wanakolisha ndege wahamao, yategemea mzigo huo.

Basi mwanafunzi akinichorea Chongming bila kuandika mwaka wa ramani yake, nitamnyima alama moja.