Moshi wa Leza Nao ni Hatari ya Kazi

Ndugu wafanyakazi, sisi tuliozoea vumbi la mkonge na harufu za kiwandani huona hospitali kuwa mahali safi pasipo hatari. Tunakosea. Wauguzi na wafagiaji wa chumba cha upasuaji ni wafanyakazi kama sisi, nao wana moshi wao.

Leza ni mwali mkali wa mwanga unaokata na kuchoma nyama ya mwili. Nyama ikiungua hutoa moshi wenye sumu kama benzeni na fomaldehaidi, pamoja na chembe ndogo mno za mwili wa mgonjwa. Mwaka 1991 madaktari wa Norwei walitoa habari za mwenzao aliyekuwa akiwachoma wagonjwa sunzua kwa leza. Virusi vya sunzua vilionekana katika vinyama vilivyomwota yeye mwenyewe kooni, nao wakaona huenda alivipata kwa kuuvuta moshi ule. Mgonjwa hulala pale mara moja akaenda zake. Muuguzi yumo humo kila siku.

Mwajiri atasema, si tumewapa barakoa? Barakoa ya kawaida ya upasuaji huzuia matone ya mate na damu. Moshi hupenya kandokando. Dawa ni kuunasa palepale unapotoka, kwa mashine ya kufyonza ambayo mdomo wa bomba lake umewekwa kama sentimita 5 kutoka penye kuchomwa. Chujio lake libadilishwe kwa wakati, na anayelitoa avae glavu. (Mara nyingi huyo ni mfagiaji, na hakuna aliyemweleza kitu.)

Shirika la NIOSH la serikali ya Marekani lilitoa ushauri huo mwaka 1996. Lakini ushauri haumlazimishi mwajiri. Wauguzi wa huko walidai sheria, na jimbo la kwanza kuipitisha, Rhode Island, lilifanya hivyo mwaka 2018. Miaka 22! Hatushangai. Nasi tuliambiwa kifyonza vumbi ni ghali, na mwaka uleule meneja akapata gari jipya.

Tunataka mikataba ya hospitali iseme wazi kwamba leza ikinunuliwa, kifyonza moshi kinunuliwe pamoja nayo, na bila hicho isiwashwe. Tunajua mgonjwa anangoja. Ndiyo maana tunadai sasa, kabla hajapandishwa mezani.