TAHARIRI: OILI YA GARI SIYO YA PIKIPIKI



Pikipiki yetu imelala tena. Ukipanda toka Mombo kwenda Soni na mzigo, injini inalia, lakini haisogei. Fundi kafungua, klachi imeungua. Tulitia oili ya gari, eti bei rahisi. Stakabadhi nilisaini mimi, basi na mimi nimo.

Klachi ya pikipiki hii inaoga katika oili ileile ya injini na gia. Oili nyingi za gari zina dawa ya utelezi, klachi haishiki. Gari haidhuriki, klachi yake iko kando, kavu.

Someni kopo: JASO MA, alama iliyowekwa Japani mwaka 1998, au MA2. MB ni ya skuta, iacheni. Unene fuateni kitabu chake. Mnunuzi alete kopo lenyewe, siyo chupa ya maji.