Meli zilirudi tupu, ankara akapelekewa mwenye hisa

BIASHARA ya meli za kitalii duniani imekwishapona. Mwaka 2019 meli hizo zilibeba abiria milioni 29.7. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia, idadi iliporomoka hadi milioni 5.8, na mwaka 2021 ikashuka tena hadi milioni 4.8. Kufikia mwaka 2024 abiria walikuwa milioni 34.6, kiwango ambacho biashara hiyo haikuwa imewahi kukifikia.

Anayesoma takwimu hizo peke yake anaweza kudhani kuwa kila aliyeweka fedha zake katika makampuni hayo amekula faida. Sivyo. Wapo waliovuna, wapo ambao hadi mwisho wa mwaka 2024 walikuwa hawajarudisha hata nusu ya thamani ya hisa zao, na wapo waliopoteza kila kitu. Tofauti yao haikuletwa na abiria. Ililetwa na namna kila kampuni ilivyolipia miezi ile ambayo meli zilikaa bandarini, na miezi iliyofuata ambapo zilisafiri zikiwa karibu tupu.

Ni somo linalomfaa mwekezaji mdogo wa hapa, kwa sababu kampuni inayotoka katika balaa hupendwa sana na soko. Watu huona milango imefunguliwa, wateja wanarejea, wakakimbilia kununua. Ni wachache wanaouliza nani aliyelipa kodi ya pango wakati milango imefungwa.

Abiria 1,000 kwenye vitanda 6,300

Mfano ulio wazi zaidi ni wa meli MSC Virtuosa. Iliondoka Southampton, Uingereza, tarehe 20 Mei 2021, kwa safari fupi ya kuzunguka bahari ya nchi hiyo. Meli hiyo, iliyojengwa Ufaransa na kukabidhiwa mapema mwaka huo huo, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 6,300 ikijaa kabisa, pamoja na wahudumu wapatao 1,700. Lakini kanuni za Uingereza wakati huo ziliruhusu abiria 1,000 tu, au nusu ya uwezo wa meli, ilimradi idadi ichukuliwe iliyo ndogo. Kwa hiyo meli hiyo haikuruhusiwa kuzidi asilimia 16 ya uwezo wake.

Marekani nako mambo yalianza hivyo hivyo. Celebrity Edge, iliyoondoka Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021, ilikuwa meli kubwa ya kwanza kuondoka katika bandari ya nchi hiyo ikiwa na abiria wa kulipa tangu amri ya kusimamisha safari ilipotolewa Machi 2020. Nayo iliondoka na chini ya nusu ya abiria wake. Kampuni inayoimiliki, Royal Caribbean, ilimaliza robo ya tatu ya mwaka huo kwa wastani wa kujaa wa asilimia 36.

Kwa abiria hiyo ilikuwa neema. Hakuna foleni ya chakula, viti kando ya bwawa la kuogelea havigombewi, na mhudumu anamkumbuka kila mtu kwa jina. Lakini mfanyabiashara akiona hoteli kubwa namna hiyo inaelea na watu wachache, hujiuliza swali moja tu: mafuta yanalipwa na nani?

Kwa nini waliondoka hivyo hivyo

Mwenye basi la mikoani lenye viti 60 huweza kuliondoa likiwa na abiria 15. Hafanyi hivyo kwa kukosa akili. Dereva na utingo watakula iwe wamesafiri au wamelala, benki itataka rejesho lake mwisho wa mwezi, na abiria wa kesho hawatamwamini mtu asiyeondoka kwa saa. Akipata nauli inayozidi bei ya dizeli na ushuru wa stendi, kila shilingi ya ziada inampunguzia hasara ambayo angeipata hata kama basi lingebaki gereji.

Meli ni hivyo hivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Meli ya kitalii haizimwi ikaachwa kama friji. Hata ikiwa imetia nanga bila abiria, jenereta zinafanya kazi, mabaharia wanakula na bima inadai. Carnival, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilikuwa ikitumia zaidi ya dola milioni 500 kila mwezi mwaka 2020, wakati karibu meli zake zote zimesimama. Meli zake tatu za zamani, Fantasy, Inspiration na Imagination, zilipelekwa Aliağa, Uturuki, mwaka huo huo zikakatwa vyuma chakavu, kwa kuwa kuzitunza kulikuwa kunakula fedha bila kuingiza chochote.

Tena abiria mchache halipi nauli pekee. Hununua vinywaji, hucheza kasino, hulipia matembezi ya bandarini. Ndiyo maana Carnival iliweza kutangaza kuwa katika robo ya tatu ya mwaka 2021 safari zake zilikuwa zikiingiza fedha kuliko zilivyotumia, ingawa meli zilijaa kwa asilimia 54 tu.

La tatu ni amana. Abiria wa meli hulipa miezi mingi kabla ya kusafiri, na fedha hizo huendesha kampuni kama mkopo usio na riba. Meli zikisimama, mkopo huo unageuka kuwa deni la kurudisha. Baadhi ya makampuni yaliwaahidi wateja thamani ya asilimia 125 ya walicholipa ili wasidai fedha taslimu, bali wasafiri baadaye. Kila meli iliyoondoka, hata ikiwa tupu, ilikuwa ni tangazo kwa wateja hao kwamba ahadi bado ipo. Kwa Carnival, amana za wateja zilikuwa dola bilioni 2.2 mwishoni mwa Novemba 2020. Miaka minne baadaye zilikuwa bilioni 6.8.

Kwa hiyo uamuzi wa kusafirisha meli tupu ulikuwa sahihi, na wanaoucheka hawajawahi kuendesha biashara yenye gharama zisizolala.

Ankara iko ukurasa mwingine

Hata hivyo, kauli kwamba safari inajilipia inahitaji kusomwa kwa makini. Safari ilijilipia mafuta, chakula na mishahara ya meli. Haikulipa riba ya madeni, wala haikurudisha mabilioni yaliyokwishatumika. Ankara hiyo ilikuwa imeandikwa ukurasa mwingine wa hesabu, na mwekezaji mwenye haraka hakuufungua.

Mapema Aprili 2020 Carnival iliingia sokoni kutafuta fedha kwa hali ya mtu aliyebanwa. Iliuza hati fungani za dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5, huku ikiweka mali zake rehani. Riba ya hati hizo peke yake ni dola milioni 460 kwa mwaka. Iliuza hati nyingine za karibu dola bilioni 2 ambazo mwenye nazo aliweza kuzigeuza kuwa hisa. Na iliuza hisa mpya milioni 62.5 kwa dola 8 kila moja, wakati mwanzoni mwa mwaka huo hisa hiyo hiyo ilikuwa sokoni kwa takriban dola 50. Gawio la dola 2 kwa mwaka lilikuwa limekwishasimamishwa.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Hasara ya mwaka 2020 ilikuwa dola bilioni 10.2, ya 2021 bilioni 9.5 na ya 2022 bilioni 6.1. Kila pengo lilizibwa kwa mkopo au kwa hisa mpya. Madeni yalifika zaidi ya dola bilioni 35 mapema mwaka 2023.

Matokeo yanaonekana ukiweka mwaka 2019 kando ya mwaka 2024. Mauzo yalipanda kutoka dola bilioni 20.8 hadi bilioni 25. Faida ya uendeshaji, kabla ya riba, nayo ilipanda kutoka bilioni 3.3 hadi bilioni 3.6. Meli zilijaa asilimia 105, kwani kiwango hicho huhesabiwa kwa watu wawili kila chumba na wa tatu huzidisha. Kwa macho ya abiria, kampuni imepona na kunenepa.

Lakini riba, iliyokuwa dola milioni 206 mwaka 2019, ilikuwa karibu bilioni 1.8 mwaka 2024. Na hisa, zilizokuwa zipatazo milioni 690, zilikuwa karibu bilioni 1.4 ukihesabu na zile zinazotokana na hati za kugeuzwa. Keki ndogo ikakatwa vipande mara mbili zaidi. Faida kwa kila hisa ilikuwa dola 4.32 mwaka 2019. Mwaka 2024, katika mwaka wa mauzo ya rekodi, ilikuwa dola 1.44.

Aliyenunua kwa dola 50 mwanzoni mwa 2020 alimaliza mwaka 2024 akiwa na hisa ya dola 25. Aliyenunua kwa dola 8 alikuwa ameongeza fedha zake mara tatu. Wote wawili wana hisa za kampuni moja na meli zile zile. Ni yule wa kwanza aliyelipia vitanda vilivyokuwa wazi.

Si wote waliozama kiasi kimoja

Royal Caribbean nayo ilikopa kwa riba kali na kuuza hisa mpya, lakini kwa kipimo. Hisa zake ziliongezeka kwa zaidi kidogo ya robo, hazikuongezeka maradufu. Faida kwa kila hisa ilikuwa dola 8.95 mwaka 2019 na dola 10.94 mwaka 2024, na gawio lilirudi Julai 2024. Bahari ni ile ile na abiria ni wale wale. Kilichotofautiana ni idadi ya watu wanaogawana.

Upande mwingine yuko Genting Hong Kong. Meli yake ya World Dream ilikuwa miongoni mwa za kwanza kurejea, ikianza Novemba 2020 huko Singapore kwa safari zisizofika bandari yoyote na zenye abiria wachache kuliko kawaida. Waliotazama meli waliona uhai. Waliotazama hesabu walijua kuwa tangu Agosti 2020 kampuni ilikuwa imesimamisha malipo kwa wadai wake. Januari 2022 iliomba kufilisishwa. Mwezi huo huo meli ya kampuni yake tanzu, Crystal Symphony, ilitarajiwa kushusha abiria Miami, lakini ilikwenda Bimini katika Bahamas baada ya mahakama ya Marekani kutoa amri ya kuikamata kwa madai ya deni la mafuta. Kwa mfanyabiashara anayeuza kwa mali kauli, kisa hicho kinatosha: mteja kuwa na meli inayoelea si dhamana ya kulipwa.

Nairobi inalifahamu jambo hili

Wawekezaji wa Soko la Hisa la Nairobi hawahitaji kwenda Miami kujifunza. Novemba 2017 madeni ya Kenya Airways yaligeuzwa kuwa hisa. Serikali ilibaki na asilimia 48.9, kampuni ya mabenki yaliyoikopesha ikapata 38.1, na KLM, mbia wa miaka mingi, ikashuka kutoka 26.7 hadi 7.8. Ikiwa KLM ilibanwa kiasi hicho, mwananchi mwenye hisa mia tano alibaki na nini? Ndege ziliendelea kuruka. Hisa zilisimamishwa sokoni Julai 2020, na hazikuuzwa tena hadi Januari 2025.

Maswali matatu kabla ya kununua

Haifuati kwamba kampuni iliyotoka katika balaa isinunuliwe. Mara nyingi hapo ndipo faida kubwa ilipo. Lakini mwekezaji mdogo asinunue kwa kuhesabu wateja mlangoni. Achukue taarifa ya hesabu na kuuliza mambo matatu.

Kwanza, hisa zilikuwa ngapi kabla ya balaa, na sasa ni ngapi ukijumlisha zile zinazoweza kuzaliwa kutokana na mikopo? Bei ya zamani haina maana ikiwa vipande vimeongezeka maradufu.

Pili, riba inakula kiasi gani cha faida ya uendeshaji? Mwaka 2023 Carnival ilipata faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 2, riba ikaimeza yote, na mwaka ukaisha kwa hasara ya dola milioni 74, wakati meli zimejaa asilimia 100.

Tatu, fedha za wateja zilizolipwa mapema zinaongezeka au zinapungua? Zikiongezeka, kampuni inapumua. Zikipungua huku matangazo yakizidi, kuna tatizo.

Maswali hayo hayahitaji shahada. Majibu yake yamo katika kurasa za nyuma za taarifa ya mwaka, zile ambazo hazina picha. Picha ya meli huwekwa kwenye jalada, na meli tupu na meli iliyojaa hupigwa picha zikafanana.