"Mungu Akubariki" Hailipi Nauli ya Weita

Jumapili baada ya ibada tunajaa hotelini, Nyeri, Karatina hadi Nanyuki. Nyama choma, mukimo, chai ya pili. Bili elfu nne. Weita anaachiwa nini? "Mungu akubariki!"

Soma Yakobo 2:16, uone Neno linavyoziita baraka za mdomo tupu.

Usiniambie mshahara ni shida ya mwenye hoteli. Yeye ana hesabu yake mbele za Mungu. Wewe ulimtuma huyo dada mara sita, naye amekosa ibada ili ule.

Kwa kila mia, acha kumi. Elfu nne, mia nne, mkononi mwake. Huna? Punguza nyama. Usipunguze jina la Yesu. Amina?