Mkeo ana chunusi, wewe unamwambia avumilie

Mama wa miaka 43 anatokwa na chunusi tangu aanze sindano ya uzazi wa mpango, mume anasema avumilie. Kwa nini? Masahaba walifanya azl, kasimulia Jabir (r.a), na azl ni kazi ya mwanamume! Siku hizi tumewatupia wake zetu mzigo wote, na sisi kondomu hatuitaki.

Kipo kitanzi cha shaba, hakina homoni, kinakaa hata miaka 10. Ila hedhi yaweza kuwa nzito na ndefu, na hilo linagusa swala yake, basi mwende pamoja kwa daktari. Kufunga kizazi kabisa bila dharura, wanazuoni wengi wamekataza. Wallahu a'lam.